"Mfumo Umelala": Pa Kuanzia Kutafuta Hitilafu ya Rekodi za Kielektroniki Hospitalini

Simu ikipigwa kutoka dirisha la usajili kwamba mfumo umelala, huenda ni kebo imechomoka, betri ya UPS (kifaa kinachoshikilia umeme stima ikikatika) imekufa, diski imejaa, au muuguzi amekosea nenosiri mara saba. Anayeipokea akakimbilia kuzima na kuwasha seva anafuta ushahidi wa kilichotokea, na maabara ikiwa katikati ya kuingiza majibu, anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Mwongozo huu ni wa maafisa wa ICT na wa rekodi za afya katika hospitali za Kisumu, Kakamega, Kisii, Nakuru na vituo vinavyozizunguka, hasa pale ambapo seva imewekwa hapohapo hospitalini. Mifano mingi inafuata KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za afya: Tomcat (inayoendesha kurasa za mfumo) na MySQL (hifadhidata) zinazoendeshwa kwenye Linux. Mifumo mingine ina majina mengine, lakini huugua magonjwa yaleyale. Ukanda huu una historia na kazi hii. Kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, na OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004, ilichipuka kutokana na kazi hiyo.

Maswali matatu kabla ya kugusa kitu

Je, ni mtu mmoja au ni wote? Akiwa mmoja, tatizo liko kwenye akaunti yake au kompyuta yake. Mwambie aingie kwenye kompyuta ya jirani: akifaulu, akaunti ni nzima na kompyuta ndiyo mgonjwa.

Je, ni chumba kimoja au ni hospitali nzima? Chumba kimoja ni kebo au swichi. Hospitali nzima ni seva, swichi kuu, au stima.

Je, ni wakati wote au ni saa fulani tu? Kinachotokea kila siku saa tatu asubuhi kina ratiba, na ratiba hiyo imeandikwa mahali.

Andika majibu pamoja na saa. Kisha nenda kwenye seva, na kabla ya amri yoyote nyingine tazama mistari mia mbili ya mwisho ya catalina.out (faili ya kumbukumbu ya Tomcat) na ya faili ya makosa ya MySQL. Nakili mistari hiyo mahali pengine. Ndipo uruhusiwe kuzima kitu.

Mfumo unatambaa asubuhi, mchana unakaa sawa

Hili ndilo lalamiko la kila hospitali, na chanzo chake si kimoja. Vifuate kwa mpangilio huu.

Anza na nafasi ya diski: df -h. Diski ikifika asilimia 90 anza kushughulika. Ikifika 100, MySQL haiandiki tena na watu wanaona ukurasa ukizunguka bila mwisho. Wanaojaza diski ni wawili. Wa kwanza ni catalina.out, ambayo isipowekewa utaratibu wa kuzungushwa (kuanza faili mpya na kutupa za zamani) hukua hadi GB kadhaa. Ukiifuta huku Tomcat ikiendelea, nafasi hairudi mpaka Tomcat iwashwe upya, kwa sababu bado imeishikilia faili hiyo. Tumia truncate -s 0 badala ya rm, kisha iweke chini ya logrotate, siku 7, zikibanwa. Wa pili ni kumbukumbu za binari za MySQL, zinazoandika kila badiliko la data. Toleo la 8.0 huziwasha lenyewe na kuzitunza siku 30. Usizifute kwa mkono. Ingia MySQL utumie PURGE BINARY LOGS, kisha upunguze siku za kuzitunza. Na usimruhusu mtu yeyote kufuta ibdata1 kwa sababu "ni kubwa". Hiyo ndiyo hifadhidata.

Diski ikiwa na nafasi, tazama RAM kwa free -h. MySQL isiporekebishwa hujitengea MB 128 tu za kuweka data karibu, hata kama seva ina GB 16. Kwa seva ya GB 16 inayobeba Tomcat na MySQL pamoja, mgawo unaofaa ni GB 8 kwa innodb_buffer_pool_size, GB 4 kwa Tomcat kupitia -Xmx, na zilizobaki ni za mfumo endeshi. Ukiigawa yote, seva itaanza kutumia diski kama RAM na kila kitu kitapooza. Ukiona OutOfMemoryError kwenye catalina.out, Tomcat imekosa nafasi yake. Kuiwasha upya kunatibu leo tu.

RAM ikiwa sawa, uliza nani anaendesha nini saa hiyo. Ripoti ya mwezi ikiitishwa saa tatu asubuhi, inashindana na foleni ya usajili kwenye hifadhidata ileile. Ripoti nzito zisogezwe jioni.

Halafu kuna kosa la saa, linalotukuta sisi wasemaji wa Kiswahili zaidi ya wengine. Msimamizi anasema nakala rudufu ichukuliwe "saa tatu usiku", na mwenzake anaandika 9 kwenye cron, programu ya Linux ya kupanga kazi kwa saa. Cron inahesabu kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 9 ni saa tatu asubuhi, foleni ikiwa ndefu kuliko wakati wowote. Saa tatu usiku ni 21. Saa nane usiku ni 2. Hakikisha pia seva yenyewe imewekwa kwenye Africa/Nairobi. Ikiwa imeachwa kwenye UTC, iko nyuma kwa saa tatu na kila ratiba itachelewa kiasi hicho.

Yote hayo yakiwa mazuri na bado inatambaa, washa kumbukumbu ya maswali mazito ya MySQL, uweke long_query_time kuwa 2 badala ya 10 ya kawaida, uiache siku moja ya kazi. Matokeo yake ndiyo ya kumpelekea msanidi wa mfumo, maana hapo tatizo limeshafika kwake.

Stima imerudi, mfumo haujarudi

Ukanda wa Ziwa Victoria ni ukanda wa radi, na mvua ya alasiri huleta mambo matatu kwa mpigo: stima kukatika, kurudi kwa kishindo, na kukatika tena kabla seva haijamaliza kuamka. Pigo hilo la pili ndilo linaloua.

Seva isipowaka kabisa, angalia mpangilio wa BIOS wa kujiwasha stima ikirudi. Ni bora iwe imezimwa na mtu aiwashe kwa mkono baada ya stima kutulia dakika 10, kuliko kuamka na kuanguka mara tano katika robo saa. Kituo kisicho na mtu usiku kitahitaji kinyume chake, lakini hapo UPS lazima iwe nzima.

Seva ikiwaka lakini mfumo haufunguki, tazama MySQL kwanza, kisha Tomcat. Baada ya kuzimika ghafla, InnoDB, sehemu ya MySQL inayotunza data, hurekebisha data yake yenyewe, na kwenye diski ya zamani kazi hiyo inaweza kuchukua dakika nyingi. Ukiona kwenye faili ya makosa kwamba inarekebisha, keti chini. Kuiua katikati na kuianzisha upya ni kuianzishia kazi tangu mwanzo.

Ikikataa kabisa, nakili kwanza folda nzima ya data ya MySQL kwenye diski nyingine. Kisha weka innodb_force_recovery kuwa 1, jaribu kuiamsha, na ikiamka toa data yote kwa mysqldump (amri ya kutoa nakala ya hifadhidata) mara moja. Ikikataa, panda hadi 2, halafu 3. Kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja. Hapo usiende bila nakala ya folda na bila mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo.

Kuna hali nyingine inayopoteza watu: mfumo unafunguka na rekodi zinasomeka, lakini hakuna kinachohifadhiwa. Linux ikikuta kosa kwenye diski inaweza kuigeuza kuwa ya kusoma tu, ili isiharibike zaidi. Amri ya mount itaonyesha "ro". Dawa ni fsck, amri ya kukarabati mfumo wa faili, diski ikiwa haitumiki, lakini usiishie hapo. Endesha smartctl -a, inayosoma afya ya diski, utazame Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, zinazohesabu sehemu mbovu. Namba zikiwa zaidi ya sifuri na zinaongezeka wiki hadi wiki, agiza diski mpya leo. Hiyo ya zamani imekuaga.

Tarehe nayo. Seva au kompyuta ikiamka na kujiona iko mwaka wa zamani, betri ndogo ya CR2032 ya volti 3 kwenye ubao mama imekwisha. Bei yake ni ndogo, madhara yake makubwa: ziara za wagonjwa zinaingia kwa tarehe isiyokuwepo, na miunganisho salama inakataliwa kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza. Badilisha betri, elekeza seva kwenye chanzo cha saa cha NTP, na kompyuta zote zichukue saa kutoka kwa seva. Kisha tafuta ziara zenye tarehe ya ajabu uzisahihishe kabla ya ripoti ya mwezi.

UPS yenyewe hupewa heshima isiyostahili. Taa ya kijani haikuambii betri itadumu dakika ngapi. Kila miezi mitatu, siku ambayo nakala rudufu ya usiku imethibitishwa, waambie watumiaji watoke, chomoa UPS ukutani na uhesabu dakika. Ikishuka chini ya 10, badilisha betri, zote kwa pamoja, maana mpya ikiunganishwa na kuukuu huzeeka upesi. Betri za risasi za volti 12 huishi miaka 3 hadi 5 kwenye nyuzi 25, na maisha yake hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zaidi. Chumba cha seva cha Kisumu kisicho na feni wala dirisha kinazipika. Unganisha UPS na seva kwa waya wa USB na usakinishe programu ya NUT, ili seva ijizime kwa utaratibu betri ikikaribia kwisha. Na ondoa printa ya leza kwenye UPS. Inapopasha joto karatasi huvuta umeme mwingi kiasi cha kuiangusha UPS ndogo, na seva inaanguka nayo.

UPS ikilia na kukataa kupokea umeme wa jenereta, mara nyingi jenereta inatoa masafa yanayoyumba kando ya hezi 50. Punguza usikivu wa UPS kwenye mipangilio yake, na mwite fundi wa jenereta arekebishe mwendo wa injini.

Kwa radi: kebo ya shaba inayotoka jengo moja hadi jingine ni njia ya kuleta radi ndani ya swichi. Kati ya majengo tumia faiba. Mwambie fundi umeme apime ukinzani wa ardhi (earth) ya jengo la seva. Omu 10 kwenda chini ndiyo shabaha ya kawaida. Vizuizi vya mawimbi ya umeme bila ardhi nzuri ni mapambo.

Chumba kimoja hakifungui mfumo

Nyoosha mkono kwenye kebo kwanza, kisha swichi, kisha anwani. Kwenye Windows andika ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani: kebo, swichi au DHCP (huduma inayogawa anwani). Ikiwa na anwani ya familia tofauti na kompyuta za vyumba vingine, kuna mtu ameleta ruta ya nyumbani na kuichomeka kwenye tundu la ukutani ili apate Wi-Fi, na ruta hiyo sasa inagawa anwani zake kwa majirani. Itafute chini ya meza uiondoe, kwa adabu, kisha uliza kwa nini aliihitaji. Pengine wodi ile kweli haina mawimbi.

Taa zote za swichi zikimetameta kwa pamoja bila kupumzika na hospitali nzima imekwama, kuna kebo imechomekwa ncha zote mbili kwenye mtandao uleule. Hutokea baada ya usafi au kuhamisha meza. Chomoa kebo moja moja mpaka taa zitulie. Urefu wa kebo ya mtandao usizidi mita 100. Maabara iliyoko mwisho wa ua inayopata mtandao kwa kusitasita huwa imevuka hapo.

Mgonjwa mmoja, faili mbili

Hitilafu hii haizimi kitu, haililii mtu, na ndiyo hatari kuliko zote zilizotajwa hapa. Mzio wa penisilini uko kwenye faili moja, dawa inaandikwa kwenye nyingine.

Dalili ni hizi: mgonjwa anasema alishapimwa na majibu hayaonekani, idadi ya wagonjwa wapya inapanda kuliko wanavyojua wauguzi, mgonjwa anahesabiwa kuwa ameacha kliniki kumbe yuko kwenye faili ya pili.

Chanzo kikubwa ni namna ya kutafuta. Karani mwenye foleni ya watu hamsini anaandika jina zima, halipati, anafungua faili mpya. Kwenye majina ya huku herufi moja ina uzito. Otieno ni mwanamume na Atieno ni mwanamke. Wafula na Nafula vivyo hivyo. Chepkemoi wa Kericho anaweza kuandikwa Jepkemoi akifika kwa karani kutoka Nandi. Apiyo na Adongo ni pacha, wana jina moja la baba, siku moja ya kuzaliwa, na mara nyingi simu moja ya mama. Hao ni watu wawili na wasiunganishwe kamwe.

Weka kanuni dirishani: andika herufi tatu au nne za mwanzo za majina mawili, si jina zima, usipopata, tafuta kwa namba ya kitambulisho, usipopata, kwa simu, ndipo ufungue mpya. Usitegemee tarehe ya kuzaliwa peke yake, kwa kuwa aliyetaja umri tu alikadiriwa tarehe na mfumo. Namba za simu zilizopitia Excel hupoteza sifuri ya mbele, kwa hiyo tafuta kuanzia 7 au 1. Na namba ya mgonjwa ya OpenMRS yenye herufi ya kuhakiki haitumii B, I, O, Q, S wala Z, kwa sababu zinafanana na 8, 1, 0, 0, 5 na 2. Kadi iliyoandikwa kwa mkono ikionekana ina O, hiyo ni sifuri. Kuwafundisha makarani jambo hili dogo hupunguza faili mpya zisizo na sababu.

Namba ya CCC (kliniki ya huduma ya VVU) nayo ina tarakimu 10: tano za mwanzo ni za kituo, tano za mwisho ni za mgonjwa. Mgonjwa aliyehamia kutoka kituo kingine anakuja na namba yake. Akipewa mpya, tayari ni watu wawili kwenye takwimu za taifa.

Kuunganisha faili si kazi ya karani wala ya afisa wa ICT peke yake. Fanya hivi: chukua nakala rudufu, watu wawili, mmoja wa rekodi na mmoja wa kliniki, walinganishe majina, jinsia, mama au mlezi, kijiji, na angalau tukio moja la matibabu, chagua faili yenye historia ndefu iwe ndiyo inayobaki, andika namba zote mbili kwenye daftari na saini. OpenMRS haina kitufe cha kutenganisha ulichounganisha. Mkiwa na shaka, acheni faili mbili, wekeni alama kwenye zote, msubiri mgonjwa arudi mumwulize.

Ripoti haifanani na daftari

KHIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, inasubiri takwimu kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo ugomvi huu huanza tarehe 12. Usianze kwa kubadilisha namba. Chukua siku moja tu, mathalani Jumanne ya wiki ya pili, ulinganishe jina kwa jina daftari la wagonjwa wa nje, MOH 204, na orodha ya mfumo.

Majina yaliyomo kwenye daftari tu: ziara hazijaingizwa, au ziliingizwa kwa tarehe ya kuandika badala ya tarehe ya mgonjwa kufika. Majina yaliyomo kwenye mfumo tu: ziara ilifunguliwa mara mbili, au mgonjwa aliondoka kabla ya kuonwa. Majina yako kote lakini ugonjwa hauhesabiwi: uliandikwa kwa maneno ya kawaida badala ya kuchaguliwa kwenye orodha, na ripoti haisomi maneno. Mtoto amehesabiwa kwenye ripoti ya 705B (miaka mitano na zaidi) badala ya 705A (chini ya miaka mitano): umri wake uliingizwa vibaya.

Kila kitu kikiwa sawa na ripoti bado ni ya zamani, kumbuka kwamba KenyaEMR huchota ripoti kutoka majedwali ya pembeni yanayohitaji kusasishwa. Yasasishe jioni, kisha toa ripoti asubuhi.

Nakala rudufu ipo, ila haifunguki

Tazama ukubwa wa faili. Faili iliyobanwa kwa gzip yenye baiti 20 ni tupu: mysqldump ilishindwa, labda nenosiri lilibadilishwa, na gzip ikabana hewa kila usiku kwa miezi. Weka set -o pipefail kwenye hati ya kuchukua nakala ili kushindwa kuonekane. Tumia --single-transaction ili wanaofanya kazi wasikwamishwe. Mstari wa mwisho wa faili lazima useme "Dump completed". Usiposema, nakala imekatika njiani.

Nakala moja ibaki kwenye seva, ya pili kwenye diski ya nje iliyofungiwa jengo jingine, ya tatu nje ya hospitali ikiwa imesimbwa. Kila mwezi irudishe moja kwenye kompyuta ya majaribio, hesabu wagonjwa, tazama tarehe ya ziara ya mwisho, na andika imechukua muda gani. Muda huo ndio utakaomwambia mganga mkuu siku seva ikiungua.

Mpaka hapo, kazi iendelee kwa karatasi. Kila chumba kiwe na bahasha yenye fomu na namba za muda. Baada ya dakika 15 za mfumo kulala, in-charge atangaze karatasi bila kusubiri ahadi ya "unarudi sasa hivi". Fomu ziingizwe ndani ya saa 24, kwa tarehe ya ziara.

Akaunti

OpenMRS humfungia mtu dakika 5 akikosea nenosiri mara saba; msubirishe, usimpe akaunti ya mwenzake. Akaunti moja ya wodi nzima humaanisha dawa isiyo sahihi haina mwandishi. Funga akaunti za wanafunzi wa mazoezi siku wanapoondoka. Data za wagonjwa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72, na saa hizo huhesabiwa tangu mlipojua.

Unapomwita msanidi

Mpelekee saa ya tukio, nani aliathirika, toleo la mfumo, mistari ile ya catalina.out uliyonakili mwanzoni, na ulichojaribu kwa mpangilio wake. Picha ya skrini iwe ya ujumbe wa kosa pekee. Kata jina la mgonjwa, namba yake na utambuzi wake kabla haijatoka kwenye kompyuta ya hospitali, hata kama unayemtumia unamfahamu miaka kumi.